Plastiki za nje zilizopauka: mafuta, rangi inayopenya, spray au kununua nyingine?

Gari la mwaka 2003 linaweza kuwa na injini tulivu na bodi isiyo na kutu, lakini likiegeshwa kando ya barabara kila anayepita akaliona limechakaa. Mara nyingi kinacholizeesha ni plastiki za nje: bampa lililopauka, moldingi za milangoni zenye weupe, over fenda, zile plastiki zinazozunguka matairi, zenye mabaka ya wax kuukuu. RAV4 ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kati ya 2000 na 2005 na ambayo Watanzania wameizoea kwa jina la Kili Time, inaonyesha shida hii vizuri kuliko gari jingine lolote barabarani, kwa sababu nyingi zina plastiki tupu ya kijivu kuzunguka matairi yote manne. Honda CR-V za kwanza zina bampa za namna hiyo. Probox za daraja la kazi zina bampa nyeusi ambazo hazijawahi kuona rangi.

Ukiuliza ufanye nini, utapewa majibu manne: paka mafuta, pitisha hewa moto, piga rangi, tafuta nyingine. Liko la tano ambalo halitajwi sana mitaani kwetu, nalo ni kurudisha weusi kwa rangi inayopenya ndani ya plastiki au kwa koti ya seramiki. Msimamo wangu niuseme mapema: plastiki ambayo ni nzima, na ambayo kiwandani haikupigwa rangi, usiipige rangi kabla hujajaribu kurudisha weusi wake bila kuipiga rangi. Ukishaipiga umeingia kwenye matunzo ya kudumu, maana kila jiwe litakaloigonga litaacha alama. Plastiki iliyopasuka na kuzibwa ni habari nyingine kabisa, na nitaifikia.

Ijue kwanza plastiki uliyo nayo

Pitisha kiganja. Plastiki ambayo haikupigwa rangi kiwandani huwa na uso wa vipele vidogo vidogo, na ukiikwaruza kwa kisu mahali pa kujificha, ndani kuna rangi ileile ya nje. Iliyopigwa rangi huwa laini, na ukikwaruza unakuta tabaka jingine chini. Hiyo ya pili, ikianza kumenyuka, haina njia za kuchagua: ni kusugua na kupiga rangi upya. Ulinganisho huu wote ni wa ile ya kwanza.

Kinachotokea plastiki inapopauka ni hivi. Mionzi ya urujuanimno ya jua hukata minyororo ya molekuli usoni. Uso unakauka, unapata nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na unga wa madini uliochanganywa kiwandani ili kuipa plastiki ugumu unajitokeza nje. Mwanga ukigonga uso wa namna hiyo hutawanyika, ndipo jicho linaona weupe. Weusi wenyewe haujaenda popote, uko chini kidogo tu. Plastiki nyeusi hupewa masizi maalumu ya kaboni ambayo pia ni kinga dhidi ya mionzi hiyo. Ya kijivu ina masizi machache, kwa hiyo na kinga yake ni ndogo.

Kuna kipimo kisichogharimu kitu. Osha sehemu moja vizuri, kisha imwagie maji safi. Ikiwa imeloa na inaonekana kama mpya, inaweza kurudishwa bila kupigwa rangi. Ikiwa mabaka meupe yanabaki palepale hata ikiwa imeloa, hapo kuna wax iliyokaukia kwenye vipele, au kuna mkwaruzo mzito uliotoboa uso. Wax inatoka kwa mswaki na sabuni. Mkwaruzo hautoki.

Kisha vua kipande kimoja ugeuze nyuma. Viwanda vingi huandika aina ya plastiki kati ya alama mbili za mshale: >PP<, >PP+EPDM-TD20<, >ABS<. PP ni polipropilini, ndiyo plastiki ya bampa nyingi na over fenda nyingi. EPDM ni mpira uliochanganywa ili bampa lipinde bila kuvunjika, na TD20 maana yake ni asilimia 20 ya unga wa talki. ABS utaikuta zaidi kwenye sho ya mbele (grili) na kava za saiti mira. Wengine hupima kwa kutupa kipande kwenye maji, wakisema PP huelea na ABS huzama. Kwa PP tupu ni kweli, uzito wake ni kama gramu 0.9 kwa sentimita moja ya ujazo. Lakini PP yenye talki asilimia 20 inakaribia 1.04 na inazama vilevile, kwa hiyo maandishi ya nyuma ndiyo ya kuaminiwa.

Tofauti hii ina uzito mkubwa. ABS hushika gundi na rangi bila ubishi. PP haishiki karibu chochote: gundi huganda juu yake kisha ikabanduka nzima, na rangi iliyopigwa moja kwa moja hutoka kwa vipande ukiipitishia maji ya presha. Lawama nyingi wanazotupiwa mafundi rangi kuhusu bampa chanzo chake ni hapa, kwamba bampa lilitendewa kama bati.

Mafuta dhidi ya rangi inayopenya

Mafuta ndiyo njia ya kwanza ya kila mtu, kwa sababu yapo kila penye kuosha magari. Kinachoitwa tairi shaina mara nyingi ni silikoni. Wapo pia wanaopaka dizeli, oili chafu, mafuta ya nazi au kiwi ya viatu. Yote yanafanya kazi moja: kujaza zile nyufa ndogo ili mwanga usitawanyike, sawa na yalivyofanya maji kwenye kipimo chako. Matokeo yanaonekana papo hapo, na hakuna njia nyingine inayokufurahisha haraka hivyo kwa pesa kidogo hivyo.

Tatizo ni kwamba hayakai. Mvua mbili tatu zinatosha kuyaosha, na kabla ya hapo yanakamata vumbi. Kwa anayeishi Dodoma au pembezoni mwa barabara ya vumbi, bampa lililopakwa mafuta jioni huwa la kahawia kesho yake. Dizeli na oili chafu ni vibaya zaidi, kwa sababu hupenya kwenye ule mpira uliochanganywa na plastiki na kuufanya uvimbe na kulainika. Na silikoni ina hasara ya kudumu kuliko zote: ikishaingia kwenye vipele, siku ukiamua kupiga rangi itakutolea mashimo ya duara, rangi ikikimbia sehemu zile huku ukiangalia. Kwa hiyo kama unajua moyoni kwamba mwisho wa safari utapiga rangi, waambie vijana wa kuosha gari wasiguse plastiki kwa tairi shaina kuanzia leo.

Rangi inayopenya ni kitu tofauti. Ni kimiminika chenye weusi wa kweli ndani yake, unakipaka kwa kitambaa au sponji, kinaingia kwenye nyufa, kiyeyushi kinaruka na weusi unabaki. Ndugu yake ni koti ya seramiki ya plastiki, ambayo hukauka na kuwa ngozi nyembamba ngumu. Zote mbili ni ghali kwa chupa ukilinganisha na mafuta, lakini chupa ndogo inatosha gari zima kwa sababu unapaka tabaka jembamba mno. Uso ukiandaliwa vizuri, unahesabu miezi mingi, na koti nzuri ya seramiki hupita mwaka. Ikichoka haimenyuki, inafifia taratibu, na unarudia juu ya ileile.

Sharti lake ni usafi. Osha kwa sabuni ya vyombo na mswaki, suuza, kausha, kisha futa kwa spiriti ya kusafishia. Rudia mpaka maji yatandae juu ya plastiki badala ya kujikunja matone, kwa sababu matone ni dalili kwamba mafuta bado yapo. Bandika tepu ya karatasi kwenye kingo za bodi, maana weusi huu ukidondokea rangi nyeupe ya gari na kukauka utautafuta kwa polishi. Baada ya kupaka, gari lisiloe kwa saa 24.

Wenye plastiki ya kijivu, kama hizo Kili Time nyingi, wawe makini hapa. Rangi nyeusi inayopenya itaigeuza nyeusi na hakuna kuirudisha kijivu. Wapo wanaopenda hivyo, na kwa gari jeupe au la fedha mimi naona linapendeza. Lakini kama unataka kijivu cha kiwandani, tafuta koti ya seramiki isiyo na rangi. Usichanganye mbinu hizi mbili kwenye gari moja, upande mmoja ukawa mweusi na mwingine wa kijivu, kwa sababu tu chupa iliisha.

Kati ya mafuta na rangi inayopenya, mimi ningechagua ya pili kwa karibu kila gari. Mafuta yabaki kwa siku ya harusi.

Hewa moto

Hii utaiona kwenye video nyingi. Unachukua kifaa cha kupuliza hewa moto, kile wanachotumia mafundi wa tinti na stika, unapitisha juu ya plastiki na weusi unarudi mbele ya macho yako. Si kiini macho: uso unayeyuka kidogo, zile nyufa zinajifunga. Ila hakuna ulichoongeza. Kinga iliyokwisha haikurudi, kwa hiyo jua litaanza upya pale lilipoishia na baada ya miezi michache weupe utajitokeza tena. Kurudia mara ya pili kunaleta kidogo, na mara ya tatu unaunguza tu.

Polipropilini huyeyuka karibu nyuzi joto 160 za Selsiasi, na hewa inayotoka kwenye kifaa hicho inaweza kupita 500. Mkono ukisimama sekunde chache, vipele vinalainika na kuacha doa linalong'aa ambalo halitaondoka. ABS inaanza kulegea kwenye nyuzi kama 105, kwa hiyo sho na kava za saiti mira usizisogelee kabisa. Nafasi pekee ninayoona hewa moto inastahili ni kama maandalizi: ipitishe haraka mara moja, acha plastiki ipoe, kisha paka koti ya seramiki juu yake.

Spray ya kopo dhidi ya karakana ya rangi

Sasa tuseme plastiki imekwaruzwa vibaya, au imezibwa ufa, au ilishapigwa rangi na mtu mwingine na inabanduka. Hapa rangi haikwepeki. Swali ni nani aipige, wewe au karakana, na aipige kwa kitu gani.

Maandalizi ni yaleyale kwa wote wawili, na ndiyo asilimia kubwa ya kazi. Kuosha kunatangulia msasa, daima. Ukianza na msasa unaisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo mipya na hutaitoa tena. Baada ya kuosha, uso wa vipele usiusugue kwa karatasi ya msasa, maana utaviondoa vipele vya juu na kuacha mashimo. Tumia ile pedi ya nyuzi za kusugulia, ya kijivu au nyekundu, ukisugua kwa maji na sabuni mpaka mng'ao uishe kila mahali, hasa kwenye kona na kingo, kwa sababu rangi huanzia kubanduka hukohuko. Uso laini unachukua msasa namba 400 wa maji. PP ukiisugua kavu hutoa manyoya, maji yanayapunguza.

Usisafishe kwa thina ya rangi. Hulainisha ABS, na kwenye PP yenye mpira inanyonywa ndani kisha inatoka polepole chini ya rangi mpya na kuifanya ivimbe mapovu. Spiriti ya kusafishia inatosha, au ile dawa maalumu ya kuondoa wax inayouzwa kwenye maduka ya rangi za magari. Ukishafuta, plastiki hubaki na umeme wa msuguano unaovuta vumbi, basi malizia kwa kitambaa chenye unyevunyevu wa spiriti, ukifuta polepole kuelekea upande mmoja.

Kisha praima ya plastiki. Kwa PP hii haina mjadala. Ninayoizungumzia ni ile isiyo na rangi, nyepesi karibu kama maji, ambayo kazi yake ni kushikisha tu. Praima ya kijivu ya bati si mbadala wake hata muuzaji akikuhakikishia. Tabaka mbili nyembamba zinatosha, na rangi ifuate ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukichelewa, nguvu ya kushikisha inakufa na inabidi kurudia. Viwandani wana mbinu nyingine, kupitisha mwali wa moto upesi juu ya bampa ili uso wa PP ubadilike kikemia na kukubali rangi. Fundi mzoefu anaweza kuufanya kwa mtungi mdogo wa gesi. Mtu wa nyumbani atumie praima.

Baada ya hapo njia zinaachana. Kopo la spray la rangi nyeusi isiyong'aa, lililotengenezwa kwa ajili ya bampa, lina faida kubwa moja: linafanana na plastiki. Hata yapo yenye chembechembe zinazoiga vipele. Unapiga tabaka tatu nyembamba, kopo likiwa sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye kipande, ukianza kubonyeza kabla ya kufika ukingoni na kuachia baada ya kuupita. Rangi ya kopo la kawaida hukauka kwa kiyeyushi kuruka tu, haina kigumu, yaani dawa ya kuchanganya inayoiunganisha na kuikaza, ndiyo maana petroli ikidondokea jirani na mfuniko wa tangi itaichubua. Lakini ikichubuka unaitengeneza mwenyewe Jumamosi asubuhi kwa kopo lilelile.

Karakana inakupa rangi yenye kigumu, inayovumilia petroli na kuoshwa, na kompresa inayotandika sawasawa. Kama kipande ni cha rangi ya bodi, nenda karakana bila kufikiri mara mbili, kwa sababu hakuna kopo litakalokupa rangi ya gari lililopauka miaka ishirini. Kwa plastiki nyeusi ya vipele, karakana ina hatari zake. Fundi amezoea bati. Atataka kutandika puti kufuta vipele ili uso uwe laini, kisha atamalizia kwa kliya, lile tabaka la juu lisilo na rangi, ya kung'aa. Gari linaondoka likiwa na over fenda zinazong'aa kuliko milango, na kwenye mwanga wa jioni kila wimbi la puti linaonekana. Mwambie mapema na umwonyeshe kwa kidole: vipele vibaki, kliya iwe isiyong'aa au isiwepo kabisa, na kwenye rangi ya bampa aweke dawa ya kulainisha ili ipinde bila kupasuka. Muulize anatumia praima gani ya plastiki, na uombe kuliona kopo lenyewe. Fundi anayeijua kazi yake hatachukia swali hilo.

Jambo la afya nalo lisemwe wazi. Vigumu vya rangi za karakana vina isosianeti, kemikali inayoweza kumletea mtu pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa haifanyi chochote. Kama huna barakoa ya kuvuta hewa safi kutoka nje, rangi hizo zisipigwe nyumbani, na watoto wa jirani wasiwe wanatazama karibu.

Hali ya hewa inaamua mengi kuliko watu wanavyodhani. Pwani, unyevu wa alfajiri unaweza kuacha ukungu mweupe ndani ya rangi, kwa hiyo anza saa tatu asubuhi umande ukishaondoka na umalize kabla upepo wa mchana haujaleta mchanga. Usipange kazi hii katikati ya masika. Nairobi, Arusha na Mbeya mwezi wa Julai kopo huwa baridi na linatema matone. Liweke dakika kadhaa kwenye maji ya uvuguvugu, kamwe si kwenye moto.

Swali la mwisho kabla ya kukubali rangi ni gari lako linapita wapi. Barabara za changarawe hurusha mawe moja kwa moja kwenye over fenda na chini ya milango. Rangi yoyote pale chini itadonolewa, na kila doa litaonyesha kijivu au weupe wa chini yake. Plastiki tupu iliyotiwa rangi inayopenya ikipigwa jiwe inaacha alama ya rangi ileile. Kwa gari la kijijini, hili peke yake linatosha kumaliza ubishi.

Ufa: kuchomelea dhidi ya gundi

Kwa ABS, gundi inashinda. Unaweza hata kutengeneza uji wako mwenyewe kwa kuyeyusha vipande vya ABS ndani ya asetoni na kuujaza kwenye ufa. Asetoni inaruka na kinachobaki ni ABS tupu iliyoungana. Sho iliyovunjika mbavu inarudi hivyo vizuri sana.

Kwa PP, gundi inashindwa. Supaglu na magadi, ambayo ni dawa inayopendwa sana, huwa ngumu kama jiwe juu ya kitu kinachopinda, na bampa likitikisika kidogo linaachia. Faiba na resini ambazo baadhi ya mafundi bodi hubandika nyuma ya bampa nazo hazishiki PP. Baada ya muda utaivua kwa vidole kama ganda. PP inataka kuchomelewa kwa joto, kwa plastiki ya jamii yake.

Zuia kwanza ufa usiendelee kwa kutoboa tundu la milimita 3 pale unapoishia. Upande wa nyuma, chimba mfereji kufuata ufa kwa ncha ya pasi ya kulehemu, kisha zamisha ndani yake kipande cha wavu wa chuma kisichoshika kutu. Waya wa kawaida usiutumie, hasa pwani, kwa sababu kutu yake itatokeza. Juu ya wavu yeyushia plastiki ya kujazia, uichanganye na kingo za ufa ziwe kitu kimoja, halafu geuza na ufanye mfereji mwembamba upande wa mbele. Fanyia nje, moshi wake si wa kuvuta.

Plastiki ya kujazia ndiyo mahali kazi nyingi zinapoharibika. Vile vifungo vya plastiki vya kufungia nyaya ni nailoni, havichanganyiki na PP hata vikiyeyuka pamoja. Madumu ya mafuta ya kula ni polithilini, nayo vilevile haiungani sawasawa. Chanzo kizuri kuliko vyote ni bampa jingine lililovunjika lenye maandishi yaleyale nyuma. Mafundi wengi wanayo yamelala uani na watakukatia kipande. Kiti cha plastiki kilichovunjika kinaweza kusaidia kama chini yake kuna alama ya pembetatu yenye namba 5, lakini hakina mpira ndani, kwa hiyo kiungo chake ni kigumu na rahisi kupasuka tena.

Ufa uliochomelewa vizuri una nguvu ya kutosha, ila uso wake hauna vipele tena. Kwa sababu hiyo kipande hiki kinakwenda kwenye rangi, na rangi ipigwe kipande chote hadi kwenye kiungo kinachofuata. Ukiishia katikati, mpaka utaonekana daima.

Kununua nyingine

Ikiwa masikio ya kufungia skrubu yamevunjika zaidi ya moja, au kipande kimepinda na hakikai tena kwenye mstari wa fenda, acha kukitesa. Kariakoo Gerezani na Ilala kwa Dar es Salaam, Kirinyaga Road kwa Nairobi, ni mahali ambapo over fenda na moldingi za magari haya ya Kijapani zinapatikana, za mtumba na mpya za kuiga. Nikiwekewa zote mbili, nachukua ya mtumba ya asili hata kama imepauka, kwa sababu matundu yake yatakutana na ya gari na weusi wake unaweza kurudishwa. Ya kuiga mara nyingi inataka kulazimishwa kwenye kona, na klipu zake hulegea. Nenda na kipande chako cha zamani mkononi. RAV4 ya milango mitatu na ya mitano hazibadilishani plastiki za nyuma, na muuzaji mwenye haraka hatakukumbusha. Nunua na klipu mpya, kwa sababu za zamani nyingi zitavunjika wakati wa kuvua.

Moldingi za milangoni zilizobandikwa kwa tepu ya pande mbili usizivute kwa bisibisi. Acha jua lizipashe, kisha pitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma yake ukikereza kulia na kushoto. Tepu inakatika, moldingi inatoka nzima na rangi ya mlango haiguswi.

Ningefanya nini kwa magari matatu

Kili Time ya Dar es Salaam, plastiki nzima, kijivu kimekuwa chokaa: ningeiosha mpaka maji yatandae, nikapaka koti ya seramiki isiyo na rangi, na kuirudia kila kiangazi kinapoanza. Nisingeipeleka kwa fundi rangi.

Probox inayobeba mzigo kwenye changarawe, bampa la mbele limepasuka kwenye kona: ningechomelea ufa kwa kipande cha bampa jingine, nikapiga kopo la spray lenye chembechembe kwenye bampa lote, na kuweka kopo la pili kwenye buti. Over fenda, kama inazo, zingebaki na rangi inayopenya.

CR-V inayokaribia kuuzwa: wengi hukimbilia tairi shaina asubuhi ya mnunuzi kuja. Rangi inayopenya ingepakwa siku mbili kabla, ikauke, na mnunuzi akipitisha kidole kisitoke na mafuta. Kama kuna ufa uliochomelewa, ningemwonyesha upande wa nyuma, wavu na kila kitu, kwa sababu kiungo kilichofanywa sawasawa kinamwambia mengi kuhusu jinsi gari zima lilivyotunzwa.